Jibini ya Masisi Kwenye Mashua ya Goma

Niliondoka nyumbani kwa sababu jibini ilikuwa inaharibika. Mimi ni mfugaji wa upande wa Masisi, na kazi ya jibini nilirithi kwa baba, aliyejifunza kwa mapadre kabla ya vita. Ng'ombe wetu walikuwa kumi na wanne. Wengine walichinjwa na watu wa bunduki, wengine walichukuliwa usiku na hatukuuliza na nani. Mwaka huo walibaki wanne. Lakini hata hao wanne walitoa maziwa, maziwa yakawa jibini, na jibini ikalala kwenye mbao bila mnunuzi, maana wachuuzi wa Goma walikuwa wameacha kupanda kwetu. Kila asubuhi niligeuza yale maduara ya manjano na kuyapangusa kwa chumvi, nikiona ngozi yake inapasuka kidogo kidogo.

Ndipo Papa Kambale akaniletea habari. Huyu ni mfanyabiashara wa Butembo, Mkatoliki wa rozari shingoni, mwenye duka Masisi na lori aina ya Fuso. Alinieleza kwamba kule Goma kuna dada anaitwa Solange ambaye kila Jumamosi jioni anachukua wageni wachache kwa mashua, anawazungusha ziwani wakati jua linazama, anawalisha na kuwaonjesha divai. Solange alitaka jibini ya Masisi kwenye meza yake, na zaidi ya hapo alitaka mtu anayeitengeneza aje mwenyewe kuwaeleza wageni. Wakiipenda, atachukua vipande vitatu kila wiki.

Kwa mtu mwenye ng'ombe wanne, hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa kwamba mvua imerudi.

Mke wangu Vumilia hakufurahi. Alikuwa anakamua nilipomwambia, na hakuinua kichwa.

"Usiende hii wiki," akasema. "Tangu juzi bantu beko napita na magodoro ku kichwa. Banatoka kule barabarani."

"Siku mbili tu. Siku ya Mungu jioni niko hapa."

"Na mama yako? Tukikimbia, nani atamubeba?"

Mama yangu alikuwa hatembei tena. Miguu ilikuwa imevimba tangu mwaka uliopita, akishinda amekaa mlangoni juani na blanketi. Nilimjibu Vumilia kwamba tukikimbia kila mara majirani wanapokimbia, hatutakula. Nilikuwa na hasira, si kwake, lakini ni yeye aliyekuwa karibu. Akamaliza kukamua, akanipa ndoo.

Ijumaa asubuhi nilifunga vipande vitano kwa majani ya mgomba na kuvipanga ndani ya kikapu. Binti yetu Neema, wa miaka kumi na mmoja, alinisaidia kufunga kamba. Mama akaniomba nimletee sukari ya Goma, eti ya kwetu ina mchanga. Nikamwahidi. Nikapanda juu ya Fuso ya Papa Kambale, kati ya magunia ya viazi na mbuzi wawili.

Barabara ya kuteremkia Sake mnaijua. Milima ni mizuri kiasi kwamba mtu anaweza kusahau. Majani mafupi ya malisho yamelala kama kitambaa, ukungu unapanda kutoka mabondeni, na chukudu, zile skuta kubwa za mbao za magurudumu mawili, zinateremka kwa kasi na mizigo ya makala, yale makaa ya kupikia, mwenye chukudu amepiga goti moja juu yake. Siku hiyo lakini tulizipita chukudu zilizobeba vitanda. Tulizipita familia nzima zikitembea kando ya barabara, kuku wamefungwa miguu, wanawake wamebeba sufuria. Kwenye vizuizi vya kamba Papa Kambale alishuka kila mara, akaongea polepole, akarudi. Kwenye kizuizi cha tatu mwenye bunduki alipanda juu, akanusa kikapu changu.

"Hii nini iko nanuka hivi?"

"Fromaji."

Akakata kipande kwa kisu chake, akala, akakata kingine. Vikabaki vinne na nusu. Aliposhuka akasema ni nzuri, na kwa sauti yake nilisikia kwamba alikuwa anasema kweli.

Kuanzia Sake barabara inafuata mwamba mweusi wa volkano. Hapo Mugunga tulipita kambi ya wakimbizi: vibanda vya matawi vilivyofunikwa shitingi nyeupe, vingi mpaka macho yanachoka. Niliwatambua watu wawili wa upande wetu wakiwa wamepanga foleni na madumu ya maji. Mmoja aliniinulia mkono. Sikuweza kumuita, lori lilikuwa linakwenda.

Tuliingia Goma saa kumi jioni. Nililala kwa binamu ya Papa Kambale, kwenye stoo ya mifuko ya saruji, kikapu kichwani pangu.

Jumamosi saa tisa alasiri nilifika kwenye gati ndogo. Dada Solange alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa kitenge kipya na miwani ya jua, mwepesi wa kucheka. Alifungua jani la mgomba, akagonga jibini kwa kidole kama mtu anayegonga mlango, akanusa.

"Hii njo fromaji yenyewe," akasema. "Papa, unisikie vizuri. Mule ndani ya bato hatuzungumuze vita. Ubaelezee ngombe, majani, baridi ya kwenu. Hawa bantu vita banaisikiaka ku kazi kila siku. Hapa banakuya kupumuzika."

Nikamwambia nimeelewa. Na nilikuwa nimeelewa kweli. Mwenye duka hasemi kwamba nyumba yake inavuja. Akanipa shati jeupe la mmoja wa wahudumu wake nivae. Lilinibana mabegani.

Wageni walikuwa wanane. Walikuja kwa magari meupe, wanaume watano na wanawake watatu, wengi wao wa mashirika ya misaada, na mzee mmoja mwenye ndevu za mvi aliyekuwa mjuzi wa divai. Ndiye aliyekuwa anawaeleza chupa. Mashua ilikuwa na paa la turubai, mabenchi yenye mito, na meza ndefu katikati iliyofunikwa kitambaa. Tuliondoka saa kumi. Maji ya ziwa Kivu yalikuwa yametulia kama mafuta.

Kwanza walileta sambaza, vile visamaki vyetu vidogo, vilivyokaangwa vikakauka, na pilipili na ndimu. Halafu tilapia, halafu ndizi za kuchoma. Kwa kila sahani mzee wa ndevu alifungua chupa nyingine, akamwaga kidogo chini ya glasi, kidogo kama dawa ya mtoto. Aliwaambia wazungushe, wanuse, waweke mdomoni, wasimeze haraka. Na baadhi yao hawakumeza kabisa. Kulikuwa na ndoo ndogo ya kung'aa mezani, na walitema humo. Mimi nilizoea kuona divai mkononi mwa padre peke yake, na hata tone likianguka anapiga magoti kulipangusa. Nilitazama ile ndoo ikijaa polepole nikajiambia kwamba kila mtu ana desturi yake.

Kisha Solange akapiga makofi mara moja, akanitaja jina: "Papa Anselme, kutoka milima ya Masisi."

Niliongea kwa Kifaransa changu cha shule ya msingi. Niliwaeleza jinsi maziwa yanavyopashwa moto mpaka yawe na joto la mkono, jinsi yanavyoganda, jinsi tunavyoyakata kwa kisu kirefu na kuyabana chini ya mawe, na jinsi kila kipande kinavyogeuzwa kila siku kwa mwezi mzima, kwa sababu ukisahau siku moja upande wa chini unalowa na kuoza. Walisikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea. Mwanamke mmoja mwenye nywele fupi aliniuliza majina ya ng'ombe wangu. Nikayataja yote manne, na wakacheka kwa furaha, wakayarudia. Walikula. Mzee wa ndevu alifumba macho akitafuna, akasema jibini hii ina ladha ya majani na moshi kidogo, na kwamba inastahili divai nyekundu nzito. Akanimiminia na mimi, glasi nusu. Ilikuwa chungu mwanzoni, halafu ikawa na joto. Nilimeza.

Sitadanganya: nilifurahi. Ilikuwa miaka mingi hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali ambalo halikuhusu nani amekufa.

Saa kumi na moja na nusu mashua ilizimwa injini, tukaelea. Tulikuwa tumefika upande wa ghuba ya Sake, na mbele yetu, magharibi, jua lilikuwa linashuka nyuma ya milima. Milima hiyo ni yetu. Sikuwahi kuiona kutoka kule. Kutoka kule ni mgongo mmoja mrefu wa buluu, tulivu, hauna vizuizi wala watu. Wageni walisimama na simu zao. Mwanga ulikuwa mwekundu juu ya maji, juu ya glasi, juu ya nyuso zao, na mtu mmoja akasema hajawahi kuona mahali pazuri hivi.

Ndipo yule mwanamke wa nywele fupi akanyoosha kidole.

"Ule moshi ni wa nini?"

Ulikuwepo, nyuma ya mgongo wa kwanza. Haukuwa moshi mmoja bali mitatu au minne, mizito, yenye mashina meusi, iliyopanda wima kwa sababu hapakuwa na upepo. Naijua mioshi ya kwetu. Moshi wa makala ni mwembamba na mweupe, unatambaa chini kutwa nzima. Ule ulikuwa moshi wa nyasi za paa, wa magodoro, wa nyumba.

Solange alijibu kabla yangu. "Wanachoma makala." Halafu akanigeukia, huku anatabasamu. "Siyo hivyo, Papa?"

Wote wanane wakanitazama. Nilikuwa na glasi mkononi na shati la mtu mwingine mwilini. Niliwaza vipande vitatu kila wiki. Niliwaza pia kwamba moshi ule uko upande wa barabara, mbali na kilima chetu, na kwamba huenda si kitu. Mtu anaweza kuwaza mengi kwa muda mfupi namna hiyo.

"Ndiyo," nikasema. "Makala."

Yule mwanamke akapiga picha, moshi ndani yake. Jua likazama. Wakaleta kahawa.

Tulirudi gatini giza limeshaingia. Solange alinishika mikono yote miwili akaniambia wiki ijayo nilete vitatu, na kila wiki hivyo hivyo. Mzee wa ndevu alinipa chupa iliyobaki nusu.

Jumapili nilikwenda misa ya kwanza na Papa Kambale, kisha nikanunua sukari ya mama. Tulipotoka sokoni simu yake ililia. Alisikiliza muda mrefu, akaniangalia, akasogea kando. Aliporudi alishika bega langu.

"Barabara inafungika tangu jana mangaribi. Banapigana, banachoma manyumba ku kilima ya pale juu. Gari yangu haipande uko, kaka. Hata ukinililia."

"Na kwetu?"

"Banasema bantu ba kwenu bote balikimbia. Banaelekea Walikale, sababu upande wa Sake hapana njia."

Nilikaa Goma na Sake siku nne. Kila asubuhi nilikwenda kwenye kizuizi cha mwisho, kila asubuhi wakanirudisha. Kwenye kambi ya Mugunga niliuliza kila mtu aliyeshuka kutoka kwetu, na niliowauliza walikuwa na maswali yao.

Siku ya tano mwenye pikipiki mmoja alikubali kunipeleka mpaka mahali alipoogopa, na kutoka hapo nilitembea. Nyumba zilizoungua nilizihesabu mwanzoni, kisha nikaacha.

Nilifika kwetu saa nane mchana. Nyumba yetu ilikuwa imesimama. Mlango haukuwepo, umechukuliwa pamoja na bawaba zake. Kwenye chumba cha jibini mbao zilikuwa tupu, isipokuwa kipande kimoja kilichoanguka chini, kimelowa upande mmoja na kuota ukungu. Zizi lilikuwa wazi. Blanketi la mama halikuwepo mlangoni, na hilo lilinipa moyo. Jirani mmoja tu alikuwa amebaki, mwanamke aliyekataa kuacha mihogo yake. Aliniambia Vumilia aliondoka Jumamosi jioni na mtoto, na koko, yaani mama yangu, wakamweka juu ya chukudu.

"Saa ngapi?" nikamuuliza.

"Jua ilikuwa naanza shuka."

Nikachukua njia ya Nyabiondo kwenda magharibi. Malisho yanaisha hapo na msitu unaanza. Njia inashuka, udongo unakuwa mwekundu na laini, miti inafunga anga. Mvua ilininyeshea siku mbili. Wakimbizi walikuwa wametapakaa kila kijiji, kwenye makanisa na madarasa. Nilikuwa natamka jina la Vumilia kwenye kila mlango.

Kijijini Kibua ndiko nilikopata jibu. Mkulima mmoja, Papa Yohana, mtu wa msituni anayewinda na mbwa wenye njuga za mti shingoni, alinitazama nilipotaja jina, akaniomba nikae kwanza. Akaniletea maji. Nikajua.

"Mama yako ni mimi nilimuzika," akasema. "Alifika hapa na mvua yote ndani ya kifua. Chukudu ilikwama njiani, matope mingi. Bibi yako Vumilia na mwanamuke mwengine walimubeba ku kipoyi, kitanda ya miti ya kubebea bagonjwa. Banamama babili, Papa, juu ya ile mulima. Alilala kwangu siku mbili, ya tatu akaenda."

Alinionyesha kaburi nyuma ya migomba yake. Alikuwa ametia msalaba wa mti, na mbele ya msalaba kulikuwa na kibuyu kilichoinamishwa. Alinieleza, kama mtu anayeomba radhi, kwamba katekista alisali, lakini baadaye yeye mwenyewe alimwaga pombe kidogo ya ndizi chini, ili wazee wenye ardhi hii wampokee mgeni vizuri. Nikamshukuru kwa yote mawili. Nilikuwa na ile sukari mfukoni, imelowa, imekuwa jiwe. Nikampa mke wake.

Vumilia na Neema niliwakuta Mpofi, mbele zaidi kwenye njia hiyo hiyo. Walikuwa wamepewa kona kwenye nyumba ya mwuza chumvi, na Vumilia alikuwa anammenyea mihogo mama mwenye nyumba ili wapate chakula. Neema alinikimbilia. Vumilia aliinuka, akanipa mkono, akakaa tena. Nywele zake alikuwa amezinyoa kwa ajili ya msiba. Mabegani, pale vijiti vya kipoyi vilipokaa, ngozi ilikuwa imechubuka na inaanza kukauka.

Kisha akaniuliza, bila ukali, "Kule ku bato, mulikula nini?"

Nilimwambia. Nilimwambia sambaza, tilapia, ndizi, divai ya kutema kwenye ndoo. Nilimwambia walivyocheka majina ya ng'ombe. Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilikuwa nimetoka kaburini kwa mama, na nikamwambia pia habari ya moshi na neno nililosema.

Kisu chake kilisimama.

"Ulijua?"

"Sikujua. Niliwaza tu."

"Kama uliwaza, ulijua," akasema, akaendelea kumenya.

Baada ya majuma kadhaa Papa Kambale alileta lori mpaka Mpofi kununua mafuta ya mawese, na alikuwa na ujumbe wa Solange. Wageni wamepiga simu, wanataka kurudi na wenzao. Wanamuulizia yule Papa wa ng'ombe wanne. Nikamwambia Papa Kambale ajibu kwamba ng'ombe hawapo. Akauliza kama aseme na jambo lingine. Nikamwambia hapana. Solange hakunikosea, alisema uongo mdogo wa biashara, na uongo huo usingekuwa na nguvu kama mimi nisingeutia mhuri.

Nimejiuliza mara nyingi kama ningesema kweli ingekuwaje. Mashua isingegeuka. Wale wanane wangesikitika, wangeweka glasi chini kwa heshima, na jua lingezama vile vile. Mama alikuwa tayari yuko juu ya chukudu. Najua hayo yote, na Vumilia anayajua, na hayajatusaidia. Safari hii ilinifundisha kitu kimoja ambacho nisingependa kujifunza: kwamba mtu anaweza kuangalia kwao kunaungua na chakula kisimkwame kooni. Nilikuwa nadhani watu wa namna hiyo hutoka mbali.

Sasa tunalima hapa kwenye kipande cha kuazima. Vumilia ananiambia yanayohitajika tu: chumvi imeisha, jembe limelegea. Watu wa Mpofi, ambao wengi hawajawahi kufika ziwani, wakisikia nilipanda ile mashua huniuliza kama kule ni kuzuri kama wanavyosema. Nawajibu ni kuzuri sana. Nawaambia kwamba kutoka katikati ya maji milima ya Masisi inaonekana yote, na siku ambayo anga ni safi mtu huona hata moshi.